Maswali Yenu: Nafika Wiki ya Tatu, Kisha Nazima

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Hakuna aliyeuliza mboga zina faida gani, hilo mnalijua. Mnauliza kwa nini mtu anayelijua hushindwa kulitenda Jumatano jioni, akiwa amechoka na njaa imembana. Barua tumezifupisha, na majina tumeyahifadhi.

Ndugu wahariri, kila nikianza mazoezi nafika wiki ya tatu naacha. Niliambiwa tabia hujengeka kwa siku 21, kwa hiyo nahisi mwenye kasoro ni mimi. Nifanyeje?

Kasoro iko kwenye hiyo hesabu, kaka. Siku 21 zilitokana na maandishi ya mwaka 1960 ya Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyekuwa akifanya upasuaji wa kurekebisha sura. Aliona wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Neno "angalau" likadondoka njiani, na habari ya sura ikageuzwa kuwa ya mazoezi, lishe, kuamka alfajiri na kila kitu kingine. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipowafuatilia watu 96, katika utafiti uliochapishwa 2010, walikuta kwamba mtu wa katikati alihitaji siku 66 ili jambo jipya lianze kujiendea lenyewe. Wa haraka walichukua siku 18, na wa polepole walikadiriwa kufika 254. Kunywa maji kulizoeleka upesi, mazoezi yalichelewa. Ulipoacha siku ya 21, basi, ulikuwa theluthi ya njia.

Ila wiki ya tatu ina hila zake. Mtu anayepunguza chakula huona uzito unashuka haraka siku za mwanzo, kwa sababu mwili unatumia akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu 3 za maji. Maji yakishatoka, mizani hupunguza kasi, na mtu hudhani mpango umekufa. Juu ya hilo, wengi huanza na saa nzima, siku tano kwa wiki, kutoka sifuri. Maumivu ya misuli isiyozoea hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi, kwa hiyo kila siku unaanza ukiwa bado na deni la juzi. Hamu ya mwanzo hulibeba deni hilo kwa wiki mbili. Ya tatu, hamu imeisha na deni bado lipo.

Anza kwa kiasi kinachokuaibisha kwa udogo wake. Wiki ya 1 na ya 2, tembea kwa kasi dakika 10, siku tatu. Wiki ya 3 na ya 4, dakika 15, siku nne. Ya 5 na ya 6, dakika 20, siku nne. Ya 7 na ya 8, dakika 25, siku tano. Kuanzia ya 9, dakika 30 mara tano, na hapo umefika 150. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2020 kwa mtu mzima: dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na siku mbili za kukaza misuli. Mwaka huohuo shirika hilo liliondoa sharti la zamani kwamba lazima zoezi lifike dakika 10 mfululizo ndipo lihesabiwe. Mwendo wa wastani utautambua hivi: unaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba.

Kisha lifunge zoezi kwenye jambo ambalo tayari hulikosi. "Nitafanya jioni" haisaidii, maana jioni ni pana mno. Sema: "Nikishavua viatu vya kazini, navaa raba, natoka mlangoni." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alizitafiti sana sentensi za namna hii ya "likitokea hili, nafanya lile", na faida yake ni kwamba uamuzi unakuwa umeshapita kabla uchovu haujafika.

Onyo moja tunalolirudia kila mara na watu hawalipendi: wiki nane za mwanzo usiongeze kwa sababu tu unajisikia vizuri. Siku unayojiona shujaa, dakika 10 zikiisha, rudi nyumbani.

Wapendwa wahariri, mimi na shoga yangu tuliahidiana kuripotiana kila siku tulichokula na mazoezi tuliyofanya. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa nzuri. Sasa kazi yetu ni kusameheana. Tuachane na mpango huu?

Msiachane nao, dada. Badilisheni mnachoripotiana. Kwa maelezo ya barua yako, mnapelekeana sababu: mvua, mgeni, kichwa kuuma. Rafiki akipewa sababu, ustaarabu unamtaka aikubali. Mpango wenu unamlazimisha kila mmoja achague kati ya upole na ukali, na marafiki wa kweli huchagua upole.

Ripoti iwe na maneno machache kiasi kwamba sababu haina pa kukaa. Chagueni vitendo viwili tu kwa kila mmoja, vinavyojibika kwa ndiyo au hapana. "Kula vizuri" hakijibiki. "Mboga zilijaza nusu ya sahani ya mchana" kinajibika. "Kupunguza uzito" nacho kiondoeni kabisa, kwa sababu hakuna anayeweza kukitenda leo saa kumi. Uzito ni tokeo, na matokeo hucheleweshwa na mambo mengi msiyoyatawala. Wekeni saa, tuseme saa tatu usiku. Kila mmoja atume herufi mbili: N N, au N H, au H H. Basi. Asiyetuma kufikia saa tatu na nusu, mwenzake anamwuliza neno moja: "Vipi?" Huyo aliyenyamaza hahitaji kueleza, anatuma herufi zake.

Maongezi yawekewe siku yake. Mara moja kwa wiki, dakika 15, mkiwa na herufi za siku saba mbele yenu, jibuni maswali matatu. H zimekaa siku gani? Kabla yake kulikuwa na nini? Wiki ijayo tunabadilisha kitu gani kimoja? Hapo ndipo mtagundua, kwa mfano, kwamba H zako zote ni za siku ambazo hukula mchana hadi saa tisa. Tatizo hilo linatibiwa na chakula cha saa saba, na hotuba yoyote juu ya nidhamu haitalifikia. Kosa tunaloliona hapa ni kubadilisha mambo manne kwa pamoja. Wiki ikienda vizuri hujui ni lipi lililosaidia.

Wekeni pia mwisho. Wiki sita, tarehe ikiwa imeandikwa. Mkataba usio na mwisho hufa kimyakimya na huacha haya kati ya watu; wenye tarehe mnaweza kuufunga kwa heshima au kuuanza upya. Na kama shoga yako ndiye mnayekwenda naye kwenye vitafunwa kila Ijumaa, tafuta mtu mwingine kwa kazi hii. Mshirika mzuri ni yule ambaye utaona haya kidogo kumtumia H, lakini hutaogopa. Mwenzi wa ndoa kwa kawaida hafai, kwa kuwa H ya usiku huingia kwenye ugomvi wa asubuhi.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua, kama mtangaze lengo lenu mtandaoni ili mwone aibu kurudi nyuma. Tusingeshauri. Gollwitzer na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba wanafunzi ambao nia zao za masomo zilisomwa na mtu mwingine walijibidiisha kidogo kuliko wale ambao nia zao hazikuonwa na mtu. Hao walikuwa wanafunzi, hawakuwa watu wa mazoezi, lakini hila yenyewe inatambulika: pongezi zimeshalipwa kabla ya kazi. Mtu mmoja anayepokea herufi zako kila usiku anatosha kuliko mia tatu waliobonyeza alama ya moyo mara moja.

Na pesa? Inafanya kazi, kwa masharti. Binadamu huumia zaidi kupoteza kuliko anavyofurahi kupata kiasi kilekile. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika hilo mwaka 1979. Katika utafiti uliochapishwa 2010, wavutaji sigara wa Ufilipino walipewa nafasi ya kuweka akiba yao wenyewe benki, na baada ya miezi sita wapimwe mkojo. Ukikutwa na nikotini, akiba inakwenda kwenye hisani. Waliopewa nafasi hiyo waliacha sigara zaidi ya ambao hawakupewa. Ila waliokubali kusaini walikuwa takriban 1 kati ya 9. Kwa hiyo mkitaka kujaribu, amana aishike mtu wa tatu, irudishwe kwa mafungu kila wiki mnapofikisha N zilizokubaliwa, na msidai ukamilifu: N 10 kati ya 14 zinatosha. Amana kubwa mno humfanya mtu adanganye au ajitoe. Faini ndogo mno nayo ni mbaya kwa namna yake, kwani hugeuka kiingilio. Unailipa, unakula, dhamiri safi.

Nimeandika kila ninachokula kwa mwezi mzima. Nala kidogo sana, lakini sipungui. Labda mwili wangu una shida?

Inawezekana. Tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa na baadhi ya dawa huchangia, na daktari anaweza kupima. Lakini anza na daftari. Mwaka 1992 watafiti wa New York walipima kwa njia za maabara ulaji wa watu waliosema hawapungui hata wakila chini ya kalori 1,200. Watu hao walikuwa wakiripoti pungufu kwa asilimia 47 ya walichokula kwa kweli, na walizidisha mazoezi yao kwa asilimia 51. Walikuwa wakiripoti kwa nia njema tu. Kumbukumbu ya chakula ndivyo ilivyo.

Vinavyokimbia daftari ni vilevile kila mara. Mafuta ya kupikia: kijiko kimoja cha mezani kina takriban kalori 120, na mkono unaomimina kutoka chupani hauhesabu vijiko. Sukari ya chai: kijiko kidogo ni gramu 4, kwa hiyo vikombe vinne vyenye vijiko viwili viwili vinafika gramu 32, ambazo tayari zimepita gramu 25 ambazo Shirika la Afya Duniani linaona ni bora kutozivuka kwa siku. Kisha kuonja chunguni, masalio ya sahani za watoto, na chochote kilicholiwa kwa kusimama.

Kwa siku 14 zijazo, andika kabla ya kula, maana kumbukumbu ya saa nne usiku huchuja. Pima mafuta kwa kijiko, siku zote 14. Ukichoka kuandika, piga picha sahani kabla ya tonge la kwanza na nyingine baada ya la mwisho. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2008, wenye watu karibu 1,700, ulikuta waliotunza kumbukumbu siku sita au zaidi kwa wiki walipungua karibu mara mbili ya wasioandika kabisa. Baada ya siku 14 pumzika. Kuandika kila tonge maisha yote ni adhabu. Na kama kuandika kwenyewe kunakutia hofu ya chakula au kunakufanya urushe milo, acha leo.

Mizani nayo itumie kwa adabu. Pima asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kula, kisha chukua wastani wa siku saba na ulinganishe wastani kwa wastani. Kilo moja iliyoongezeka usiku mmoja baada ya mlo wa chumvi nyingi ni maji. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700, hukuzila jana. Wanawake walinganishe wiki moja na wiki ileile ya mzunguko uliopita.

Nashika vizuri Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi nikishakula kipande kimoja cha keki najiambia maji nikiyavulia nguo sharti niyaoge, na wikiendi yote imekwenda. Mnanisaidiaje?

Methali ni nzuri, umeipeleka mahali si pake. Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt, aliyechunguza jinsi walevi wanavyorudia pombe, aligundua kwamba kinachoangusha mtu ni hukumu anayojipa baada ya kuteleza, zaidi ya kuteleza kwenyewe. "Nimeshindwa" ndiyo inayofungua mlango wa kipande cha pili.

Piga hesabu. Mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku ana 14,000 za wiki. Kipande cha keki cha kalori 400 hakifiki hata asilimia 3. Milo mikuu ya wiki ni 21, na huo haukuwa hata mlo. Katika utafiti ule wa London, kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia kwa kiasi cha kuhesabika. Kinachoharibu ni saa 36 zinazofuata.

Kwa hiyo kanuni yako iwe juu ya mlo unaofuata. Ule kwa saa yake, kwa kiasi chake cha kawaida, bila kuupunguza kulipia keki. Ukiuruka, saa nne usiku utakuwa mbele ya kabati, na njaa haina mjadala. Usikimbie kilomita za ziada kama adhabu pia; zoezi likishakuwa faini, mwili hulichukia. Na uandike sentensi yako kabla ya Jumamosi: "Nikila keki, naweka sahani jikoni, nanywa maji, nahamia chumba kingine." Inaonekana ya kitoto. Inafanya kazi kwa sababu inakupa la kufanya katika dakika ile ambayo kichwa kinatafuta la kusema.

Kama lakini unakula kingi sana kwa haraka, kwa siri, huku ukihisi huwezi kusimama, na inatokea kila wiki kwa miezi mitatu au zaidi, au unajitapisha, hilo si jambo la ratiba. Mwone daktari; lina matibabu.

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kwa zamu na nina watoto wawili. Hakuna saa inayofanana. Nishike wapi?

Shika kuamka, mama, popote kutakapoangukia. Dakika 15 baada ya kuamka, iwe saa kumi na mbili asubuhi au saa tisa alasiri. Siku mbili au tatu kwa wiki, zikitenganishwa na takriban saa 48, fanya mzunguko huu mara tatu, ukipumzika dakika moja kati ya mizunguko: kuchuchumaa na kuinuka mara 10, pushapu za kusukuma ukuta au meza mara 8, kulala chali na kuinua nyonga mara 12, kuinama kidogo na kuvuta mkoba wenye uzito mara 10 kila mkono, kisha kulala kifudifudi, ujiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, sekunde 20. Ukiweza mara 15 katika mizunguko yote mitatu, ongeza ugumu: kutoka ukutani nenda kwenye meza, kutoka mezani nenda sakafuni. Makosa ya kawaida ni magoti kuingia ndani unapochuchumaa, na kubana pumzi. Toa pumzi unapojiinua.

Andaa pia kiwango cha dharura kwa siku baada ya zamu mbaya: mzunguko mmoja, dakika nne. Kinahesabiwa N kamili.

Saa yangu ya mkononi inadai hatua 10,000. Sijawahi kuzifikisha. Je, napoteza muda?

Hapana. Namba hiyo ilitoka kwenye jina la kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo. Hakuna maabara iliyoipima kwanza. Chukua wastani wa hatua zako za wiki hii, ongeza 1,000, ukae hapo wiki mbili, kisha ongeza tena. Mwendo wa hatua 100 hivi kwa dakika ni mwendo wa wastani kwa watu wengi, kwa hiyo dakika 30 zinakupa kama 3,000.

Nyumbani hawataki chakula changu cha "afya". Nipike vyungu viwili?

Usipike viwili; utachoka kabla ya mwezi. Pika kimoja, badilisha upakuaji wa sahani yako peke yake: nusu mboga na matunda, robo maharage, mayai, samaki au nyama, robo wanga. Mboga zipakue kwanza, kabla wanga haujachukua nafasi. Na usihubiri mezani.

Niliugua, nikakaa wiki tatu bila zoezi lolote. Naanzia nilipoishia?

Anza na nusu. Pumzi hushuka mapema, hata ndani ya wiki mbili. Nguvu za misuli hudumu zaidi, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu mikono itakubali uzito ambao moyo na viungo bado hawajauzoea tena. Wiki ya kwanza nusu ya dakika na nusu ya marudio, ya pili robo tatu, ya tatu kamili. Ukiwa na homa, usifanye kabisa. Maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kutaka kuanguka au pumzi kukatika ukiwa umekaa ni sababu ya kusimama na kwenda hospitali. Anayetumia insulini au dawa nyingine za kushusha sukari aongee na daktari wake kabla ya kurudi, kwani zoezi nalo hushusha sukari. Kama una mshirika, mpe tarehe ya kurudi sasa, ukiwa bado kitandani, umwombe siku hiyo akuulize yeye kwanza.